Nyumba ya Namunyu

Siku ya kupima mashamba, Mwalimu Ferdinand alimwita Jenista mlinzi.

Hakufoka. Alitumia sauti ile ile ya kusomea matangazo kanisani, mbele ya Nikodemo mtendaji wa kijiji, wajumbe wawili wa kamati ya ardhi, na mpimaji aliyetoka Vwawa na kifaa chake mkononi. Serikali ilikuwa imefika Iyula kuwaandikia watu hati za kimila, na utaratibu ulikuwa mwepesi: unasimama kwenye mpaka wako, majirani wanasimama kwenye wao, kila mmoja anaonyesha anapoishia, mnasaini, mnasonga mbele. Jenista na mdogo wake Sadoki walikuwa wamefyeka mpaka tangu juzi. Jenista alikuwa amevaa hata viatu vya kanisani.

"Hapo andika shamba la ukoo," Mwalimu alimwambia mtendaji. "Hawa ni walinzi wetu. Watu wazuri, hatujawahi kuwa na shida nao."

Jenista alidhani amesikia vibaya. Akamtazama Sadoki, na Sadoki akatazama vidole vyake vya miguu. Ndipo akajua kwamba amesikia sawasawa.

"Mlinzi wa nini, Mwalimu?"

"Wa shamba, binti Asajile. Usichukulie vibaya."

"Kahawa hii kapanda baba. Hii ya huku chini nimepanda mimi niliporudi kutoka Tunduma, na mbolea nilibeba kichwani. Wewe kuna mche hata mmoja humu umewahi kuupalilia?"

"Kupanda mmepanda, nani anakataa? Ila mlipanda kwenye ardhi ya nani? Bibi yenu alikuja na shamba hapa? Tusifukue mambo, jamani."

Yeye ndiye aliyefukua, mbele za watu, mchana kweupe, na bado alimtazama Jenista kama kwamba jembe liko mkononi mwake. Wajumbe wa kamati waligeuka wakaanza kukagua parachichi za jirani.

Kila mtu pale alijua habari yenyewe. Zamani za misafara, wanaume wa ukoo wa Mwalimu walikwenda Ivuna kuchukua chumvi. Njiani walikutana na msafara wa watumwa unaoelekea pwani, na mkiani mwake kitoto cha kike cha miaka minane hivi, miguu imevimba, kimeshindwa kutembea. Wakatoa mizigo miwili ya chumvi, wakarudi nacho. Wakakiita Namunyu, kwa kuwa munyu ndiyo chumvi yenyewe. Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyejisumbua kuuliza. Namunyu akakulia jikoni kwao, akapewa mimba na mwanamume wa ukoo ule ule ambaye hakumtambua mtoto, na mtoto huyo ndiye Asajile, baba yao Jenista na Sadoki. Namunyu alipozaa, wakampa korongo la mawe kule chini akae nalo, kwa kuwa halikuwa na faida kwa mtu. Sasa limekuwa na mibuni mia saba, na maji ya kijito yanapita pembeni, na Dennis, mtoto wa Mwalimu mwenye ofisi ya kutoa mizigo mpakani Tunduma, amepata wazo la kujenga hapo kiwanda cha kumenya kahawa.

Nikodemo aliandika kwenye fomu neno MGOGORO kwa herufi kubwa. Alikuwa mtu mwoga, na waoga wanapenda herufi kubwa.

"Mpimaji anarudi Jumamosi jioni kuchukua fomu," alisema. "Mkiafikiana kabla ya hapo, Mwalimu atasaini kama jirani na mkuu wa ukoo, yatakwisha. Msipoafikiana, kamati itaandika jina la ukoo. Huo ndio utaratibu, dada Jenista, mimi sina la kufanya."

*

Kesho yake Jenista alikwenda kwa Mwalimu. Alikwenda kwa mlango wa mbele, jambo ambalo mama yake hakuwahi kulifanya maisha yake yote. Mke wa Mwalimu alimfungulia, akasita, kisha akatandika gazeti kwenye kochi kabla ya kumkaribisha, eti kitambaa kimetoka kufuliwa. Jenista alilitazama lile gazeti. Akabaki amesimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasema nikiwa nimesimama. Nimekuja kwa heshima. Usaini tu, yaishe. Hatutaki kitu chenu, tunataka chetu."

Mwalimu Ferdinand alivua miwani. Alikuwa mtu wa miaka sitini na minane, aliyefundisha nusu ya kijiji kusoma na kuandika, Jenista akiwemo, na aliamini kwa dhati ya moyo wake kwamba ni mtu mwema. Hilo ndilo lililomfanya awe mgumu kuliko jiwe.

"Jenista, nikuulize kama mwanafunzi wangu. Mimi nimezaliwa mwaka hamsini na saba. Nilimnunua nani?"

"Sijasema ulinunua."

"Nilimfunga nani mnyororo? Babu zangu walifanya mambo ya wakati wao. Utumwa uliisha. Mjerumani kaja kaondoka, Mwingereza kaja kaondoka, tumepata uhuru wetu, wote ni raia sawa. Huwezi kunidai mimi kwa makosa ya watu ambao hata sura zao sizijui. Kwanza tuambizane ukweli." Aliinama mbele, akashusha sauti kwa huruma. "Wasingemchukua, yule mtoto angekufia njiani akaliwa na fisi. Leo usingekuwepo kusimama mbele yangu hapa. Mwingine angeshukuru."

Damu ilimpanda Jenista mpaka masikioni. Ashukuru! Miaka zaidi ya mia, wanawake wa nyumba yao wamebeba maji ya misiba ya watu hawa, wamekula nyuma ya jiko shingo ya ng'ombe na kichwa, wamezikwa kule bondeni kwenye majimaji ambako mvua ikizidi msalaba unaondoka, na bado kuna ankara ya shukrani wanatakiwa kuilipa.

"Sawa, Mwalimu. Utumwa uliisha?"

"Uliisha zamani."

"Kama uliisha, bibi yangu alipewa shamba kama mtu, na shamba ni letu. Kama haujaisha, basi mimi ni mali yako na shamba ni lako. Chagua moja. Nikidai, umeisha. Ukitaka shamba, umerudi. Huo utumwa gani wa kwenda na kurudi?"

Mwalimu alivaa miwani yake. "Unaona? Ndiyo maana nilisema tusifukue."

Kutoka chumba cha ndani ikasikika sauti nyembamba. Bibi Marta, mama yake Mwalimu, alikuwa na miaka tisini na tatu, na tangu Pasaka hakuwa ameinuka kitandani.

"Ferdinand! Ni nani huyo? Ni mtoto wa Asajile? Mpe shamba lake aende!"

"Mama hajui anachosema siku hizi," alisema Mwalimu.

"Najua!" ilisema sauti ile. "Mimi nilimkuta bibi yao akiwa hai. Nilimkuta akitwanga."

Mwalimu aliinuka, akaufunga mlango wa chumba cha mama yake taratibu, kama mtu anayezuia upepo.

*

Bibi Marta alifariki Ijumaa alfajiri. Saa mbili asubuhi gari la Dennis lilikuwa limeshatoka Tunduma na kuegesha mbele ya nyumba ya kina Jenista. Dennis hakushuka. Aliteremsha kioo.

"Shangazi, habari za msiba mnazo. Mzee anasema mazishi kesho saa nane. Mwambie Sadoki aanze kesho asubuhi na mapema, pale juu kuna mwamba. Awachukue na wale binamu zake wawili."

"Pole sana kwa msiba, Dennis."

"Ahsante. Basi umwambie."

"Na shamba?"

"Aisee, shangazi, tuna maiti ndani. Si wakati wake huu." Akapandisha kioo.

Ni desturi ambayo watu wa mbali wakiisikia hudhani wanatungiwa. Mtu wa ukoo ule hakanyagi ndani ya kaburi la ukoo. Wazee walisema anayekanyaga ameita kaburi la pili, naye ndiye atakayelilalia. Kwa hiyo nyumba ya Namunyu ndiyo inayochimba, ndiyo inayoshuka kusawazisha, ndiyo inayopokea jeneza kutoka chini. Kama kifo kikiita tena, kimwite mmoja wao. Mchungaji alishahubiri mara mbili kuhusu ushirikina, ukoo mzima ukasema amina, na kaburi lililofuata likachimbwa na Sadoki.

Jumamosi kulipopambazuka, Jenista alimkuta ndugu yake akinoa jembe.

"Unakwenda wapi?"

"Dada, unajua ninakokwenda."

"Majuzi wamekuita mlinzi mbele ya serikali, wewe ukatazama vidole. Leo wamekuita mchimbaji, unanoa jembe. Sadoki, una kinyongo chochote humo kifuani au ni maji matupu?"

"Bibi Marta alininyonyesha wiki mbili mama alipolazwa. Unataka nimwache alale juu ya ardhi?"

"Ana wajukuu wa kiume kumi na mmoja. Nimewahesabu jana wakishuka kwenye magari."

"Hawawezi kuingia."

"Hawawezi! Wana miguu?"

Sadoki aliweka jembe begani, pamoja na yale ya binamu zake. Alikuwa na miaka hamsini na uso wa mtu aliyezoea kuomba radhi kabla hajakosea. "Nikichimba vizuri," alisema polepole, "labda Mwalimu atalainika. Atasaini."

Jenista alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na kwa kuwa hakuweza yote mawili kwa pamoja, alibaki mlangoni akimtazama akipanda kilima na majembe ya watu watatu.

*

Kufikia saa saba, jeneza lilikuwa limeshafika makaburini, limewekwa juu ya stuli mbili. Wapiga tarumbeta wa kanisa walikuwa wamemaliza nyimbo walizonazo na kuanza kurudia. Ule mwamba uliwachelewesha wachimbaji, na kaburi lilikuwa limefika kifuani tu. Sadoki na binamu zake walikuwa chini, jasho linawatiririka, na wanaume wa ukoo wamesimama juu na suti zao wakitazama saa. Mmoja wao alisema kwa sauti kwamba siku hizi hata watu wa kuchimba wamekuwa wavivu.

Jenista alikuja na wanawake wenye maji. Alitua ndoo yake pembeni mwa ule udongo. Aliwaza shamba, aliwaza kwamba jioni ile mpimaji anachukua fomu, na alipomsikia yule mtu akisema wavivu, kitu kikakatika ndani yake. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akakaa ukingoni, akashuka.

"Dada, unafanya nini?" Sadoki alishtuka. "Mwanamke haingii humu!"

"Tokeni," aliwaambia. "Nyote watatu. Mpumzike."

Binamu zake walitazamana, wakatoka. Sadoki alitoka mwisho, jembe mkononi. Jenista akakaa chini kabisa, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kwenye udongo baridi. Kutoka juu kilionekana kilemba chake tu. Tarumbeta zikanyamaza moja moja, ile kubwa ikawa ya mwisho.

Mwalimu Ferdinand alisogea ukingoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, kwa kuwa alimpenda mama yake kweli.

"Jenista. Hapo ni kitanda cha mama yangu."

"Najua, Mwalimu. Nami nilimpenda. Yeye ndiye pekee katika nyumba yenu aliyekuambia unipe changu, ukamfungia mlango."

Minong'ono ilipita kati ya waombolezaji. Mwalimu akainama kidogo juu ya kaburi.

"Toka. Tutaongea baada ya mazishi."

"Baada ya mazishi nitakuwa mlinzi. Fomu zinaondoka leo."

"Mtoeni!" alipaza sauti Dennis. "Huyu mama amechanganyikiwa. Mtoeni!"

Hakuna aliyesogea. Dennis aliwageukia binamu zake kumi waliovaa miwani ya jua, nao wakatazama pembeni. Kumtoa kulitaka mtu ashuke. Akawageukia wachimbaji wawili waliokaa kwenye udongo wakifuta jasho.

"Nyie! Mmelipwa chakula cha nini? Shukeni mkamtoe!"

"Tumeambiwa tupumzike," alisema mmoja.

Na hapo ndipo ukoo mzima ulipokiona ulichokijenga. Miaka yote hiyo walikuwa wamejiwekea sheria kwamba shimoni wataingia wengine, na sasa mmoja wa hao wengine alikuwa shimoni, amekaa, na hapakuwa na mkono hata mmoja wa kwao unaoweza kumfikia. Mchungaji alikohoa, akafungua kitabu chake, akakifunga.

"Mwalimu," sauti ya Jenista ilitoka chini, haikuwa kubwa, na kila mtu aliisikia. "Juzi uliniambia utumwa uliisha zamani, na wewe hukumnunua mtu. Nikakuuliza, ukavaa miwani. Leo nakuuliza mbele ya watu. Kama uliisha, mbona ndugu yangu ndiye yumo humu tangu asubuhi na wanao wako juu na suti? Sadoki kakosea nini? Mwambie mwenyewe, huyo hapo. Kakosa nini zaidi ya kuwa mjukuu wa Namunyu? Na ni mjukuu wa babu yako mdogo vilevile, mnajua nyote, pua yake hiyo mmeigawana. Sitaki unililie. Sitaki pole. Saini fomu."

Watu walimtazama Sadoki, wakamtazama Mwalimu, na kwa kweli pua ilikuwa moja. Sadoki kwa mara ya kwanza hakutazama chini.

Jua lilikuwa kali, na jeneza lilikuwa juani. Mwalimu aliligeukia, akaligusa kwa kiganja, akaona lilivyopata moto.

"Nikodemo," alisema. "Fomu unazo?"

"Ziko kwenye pikipiki, Mwalimu."

"Zilete."

"Baba!" Dennis alimshika mkono. "Hii ni saini ya kulazimishwa. Tutakwenda mahakamani tuipinge."

"Nendeni," Jenista alisema kutoka chini. "Mkamweleze hakimu niliwalazimisha nikiwa nimekaa wapi, na kwa nini hamkuweza kunitoa."

Fomu ilisainiwa juu ya boneti ya gari la Dennis. Nikodemo alilikata neno MGOGORO kwa mstari mmoja, akaandika jina la Jenista na la Sadoki, akagonga muhuri. Akaja ukingoni akainama kumwonyesha Jenista. Jenista alisoma yote, tangu juu mpaka tarehe, kama alivyofundishwa na Mwalimu mwenyewe darasa la pili.

"Nimesaini," alisema Mwalimu Ferdinand, na sauti ilikuwa imemwisha. "Lakini Mungu anajua, mimi sikumnunua mtu."

"Hukumnunua," Jenista alijibu. "Ulimrithi."

Alimpa Sadoki mkono, akavutwa juu, kitenge kimejaa udongo. Hakukikung'uta. Sadoki, kwa mazoea ya maisha yake yote, akachukua jembe na kugeukia shimo. Jenista akalishika mpini.

"Hapana," alisema.

Akalichukua, akavuka pale palipokuwa na wale wajukuu kumi na mmoja, akalitupa miguuni mwa Dennis. Likatoa mlio kwenye mawe.

"Limebaki kina cha magoti. Malizieni."

Dennis alirudi nyuma hatua mbili. "Mimi siingii humo. Nina watoto wadogo."

"Sadoki ana wanne," alisema Jenista.

Wajukuu waliangaliana, kila mmoja akisubiri mwenzake awe mwanamume, na hakuna aliyekuwa. Mtu mmoja nyuma alianza wimbo, ukafia kinywani mwake. Mwishowe Mwalimu Ferdinand alivua koti, akalikunja, akamkabidhi mkewe. Akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu. Aliokota jembe, akakaa ukingoni kama Jenista alivyokaa, akateremka kwa shida, na mkewe akapiga ukelele kama kwamba ameshuhudia kifo cha pili.

Alichimba vibaya. Alishika mpini karibu mno na jembe, akagonga mwamba, udongo alioutupa ukamrudia usoni. Jenista alijaribu kumwonea huruma, ikakataa. Aliona tu kwamba mzee yule alikuwa anajifunza kazi saa ile ambayo watoto wa nyumba yao walijifunza wakiwa na miaka kumi na miwili. Watu walingoja. Hakuna aliyemwambia aache, na hakuna aliyeshuka kumsaidia.

Baada ya muda mrefu Mwalimu alisimama, akaegemea jembe, kifua kinapanda na kushuka. Aliinua uso. Hakumtazama mchungaji wala wanawe.

"Sadoki," aliuliza, "linatosha?"

Sadoki alisogea ukingoni. Alilipima kaburi kwa macho, pembe kwa pembe, kama fundi anavyokagua kazi ya mtu mwingine.

"Bado, Mwalimu," alisema. "Chimba."